Sifuri za Cheche

Alhamisi, 6 Machi

Daftari hili nililinunua la kuandikia simu za wateja, nani kaleta nini na inaumwa wapi. Kurasa tatu za mwanzo ziko hivyo. "Mama wa mboga, simu ya batani, haisikii." Kuanzia leo mgonjwa ni mimi mwenyewe. Nesi kasema niandike, itanisaidia kujiona. Nikamwambia kioo ninacho. Hakucheka.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi iliyopita mimi na binamu yangu tulianza kunywa saa nane mchana. Wakati wa kurudi nikakutana na mtaro. Mtaro uko pale tangu sijazaliwa, ila siku hiyo niliona kama umehama. Nyuzi saba kwenye paji la uso. Binamu alinibeba mgongoni mpaka zahanati, naye mwenyewe amelewa chakari, tukafika kama mkokoteni wa gurudumu moja.

Binamu ni mchomeleaji, anatengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Mtaa mzima unamwita Cheche. Mimi natengeneza simu na kuuza chaja kwenye meza yangu nje ya karakana yake, basi nikawa Chaja. Majina yetu ya kweli yako kwenye vyeti vya kuzaliwa, yamepumzika. Tunalala chumba kimoja kwa mama yake, ambaye ni shangazi yangu, dada wa baba. Yeye anashona nguo barazani, ng'ambo ya barabara, na hana haja ya kuinua kichwa kujua nani kapita na kapitaje.

Nesi alipokuwa ananishona aliuliza tulikunywa ngapi.

"Sista, nilihesabu mpaka nane halafu namba zikaisha. Shule niliishia la sita."

Ndipo akatuandikisha wote wawili kwenye mambo yake ya jumbe. Ni ya vijana, wiki tisa. Alhamisi simu inakuuliza unapanga kunywa vingapi mwisho wa wiki. Jumapili inakuuliza ulikunywa vingapi. Unajibu namba tu. Katikati inakutumia ushauri. Zinatoka kwenye kompyuta, lakini namba ikizidi tano kompyuta inamwambia nesi, na nesi anakupigia mwenyewe. Halafu kila ukijibu unapewa dakika kumi za kuongea bure. Hapo ndipo nyuzi zikaacha kuuma.

Leo wa kwanza umeingia. "Habari. Mwisho wa wiki huu unapanga kunywa vinywaji vingapi? Jibu kwa namba." Nikajibu 4.

Simu ya Cheche ilivunjika kioo usiku uleule wa mtaro, kwa hiyo laini yake nimeiweka kwenye kisimu changu cha akiba hapa mezani. Nacho kikalia.

"Cheche, ujumbe wako."

Alikuwa amevaa miwani yake nyeusi, cheche zinaruka. "Jibu wewe."

"Niandike ngapi?"

"We andika, bwana. Mimi niko juu ya geti."

Nikamwandikia 0. Kwa heshima ya ukoo. Dakika kumi hizo nikampigia mteja.

Jumatatu, 10 Machi

Jana simu ikauliza nilikunywa vingapi. Nilipanga vinne, vikawa saba. Nikaandika 7, sijui kwa nini, labda nyuzi zilikuwa zinaniangalia. Kwa Cheche nikaandika 0. Yeye alikunywa kumi na kitu. Hicho kitu kilikuwa pombe kali, vile vichupa vidogo.

Leo asubuhi nesi kapiga.

"Chaja."

"Sista, nakusikia kama uko chumba cha pili."

"Katika zile saba, raha iliishia ya ngapi?"

Nikafikiri. "Ya pili. Ya tatu kidogo."

"Hizo nyingine zilikuwa za nini?"

Mimi ni mtu anayeweza kukuuzia kava ya simu usiyokuwa nayo, lakini hapo nikaanza kupanga upya chaja mezani.

"Haya. Wiki hii panga tatu. Na kula kwanza kabla hujaenda." Akakata.

Cheche hakupigiwa. Sifuri haipigiwi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza. Mimi 3. Cheche 0.

Jumapili, 16 Machi

Ushauri wa jana ulisema ninywe glasi ya maji kati ya kila chupa. Nikafanya. Nimekwenda chooni mara nyingi mpaka mwenye baa akaniuliza kama nimehamia huko. Lakini vilikuwa vitatu kweli, na leo nimeamka kichwa kikiwa mali yangu.

Ukikaa mezani na akili zako ndiyo unaona. Sikuwahi kujua Cheche anakunywaje, maana siku zote nilikuwa namfukuzia nyuma. Hanywi kama mtu anayefurahi. Anakunywa kama mtu anayemaliza kazi kabla umeme haujakatika. Hakucheka hata mara moja, isipokuwa mimi nilipomchekesha, na hapo alicheka akiangalia chupa.

Mimi 3. Yeye 0, nimeandika mimi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Simu nne zimezama, zote za wateja. Mungu anawapa wafanyabiashara riziki kwa njia nyingi.

Alhamisi, 20 Machi

Ushauri wa leo mrefu. "Mtu akilewa mpaka haamki, usimwache alale peke yake. Mlaze ubavu, mkono wake chini ya shavu, ili akitapika asikabwe. Usimpe kahawa. Usimmwagie maji. Angalia pumzi. Mpeleke kwenye matibabu haraka."

Nikamsomea Cheche kwa sauti ya kusomea risala.

"Siku hizi watu wanafundishwa kulala?" akasema. "Mimi nalala bila mwalimu."

Tukacheka mpaka fundi wa baiskeli wa upande wa pili akatuuliza kuna nini.

Mimi 3. Cheche 0.

Jumapili, 23 Machi

Mimi 2. Cheche, Mungu ndiye anajua. Tangu mvua ianze, kila Jumamosi analala karakana, anasema analinda vyuma. 0.

Jumatano, 26 Machi

Nimesema kitu ambacho sijui kama ni uongo.

Shangazi aliniita nimshikie kitambaa. Ana nguo za shule za kushona na geti la shule hiyohiyo analitengeneza mwanawe, kwa hiyo siku hizi nyumba nzima inamfanyia kazi mwalimu mkuu.

"We mtoto wa kaka yangu, wewe umebadilika," akasema. "Jumamosi unarudi kwa miguu yako."

"Nimenunua mingine, shangazi."

"Na mwenzako? Hizo jumbe za nesi zinamfaa?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuangusha kitambaa. Badala yake nikasema, "Ana sifuri tangu tuanze, shangazi. Wiki zote."

Akasimamisha mashine. Nimeishi naye tangu nina miaka tisa, na mashine ile haisimami hata mgeni akija. Akatoa miwani, akaifuta na ncha ya kanga, akavaa tena. "Baba yake alianza hivihivi, kwenye karakana ileile," akasema. "Nilikuwa naogopa hata kuuliza."

Halafu akaendelea kushona, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikamsikia anaimba.

Alhamisi, 27 Machi

Mimi 2. Nikakaa na kile kisimu kidogo mkononi nusu saa. Nikimwandikia 10 leo, nesi atauliza sifuri zilikwenda wapi. Uongo ni kama laini ya zamani, ukiitupa unapoteza na namba zote zilizomo. Nikaandika 0.

Jumapili, 30 Machi

Mimi 2. Yeye 0. Mvua haijapumzika tangu Ijumaa.

Alhamisi, 3 Aprili

Nesi kaja mezani kwangu na miguu yake. Simu yake imeingia maji. Nikaifungua, nikaikausha, nikampigia stori ya mteja aliyeanika simu kwenye kamba kwa vibanio. Akatabasamu nusu. Kwake nusu ni nyingi.

"Wewe unaendelea vizuri," akasema. "Lakini huyu ndugu yako ndiye anayenishangaza. Nina vijana themanini kwenye jumbe. Hakuna mwingine mwenye sifuri moja kwa moja. Jumatatu ya tarehe kumi na nne naanza kundi jipya, nataka aje awaambie alifanyaje."

Chuma cha moto kikanigusa kidole. Sikusikia.

Cheche akatoka karakana kuazima bisibisi. Alipomwona nesi akasimama wima kama mtuhumiwa. Nesi akampa mkono, akaushika zaidi ya salamu.

"Mkono unatetemeka."

"Ni mashine, sista. Ukichomelea siku nzima, mwili unabaki unanguruma."

Mimi nikacheka. Hakuna aliyesema la kuchekesha, nilicheka tu, tena kwa sauti. Nesi akaniangalia mimi, si yeye. Akachukua simu yake akaondoka na mwavuli.

"Kasemaje?" Cheche akauliza.

Nikamwambia. Nilidhani atashtuka. Akakaa kwenye kopo la rangi, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. Halafu nikaona hacheki.

"Waambie ninaumwa siku hiyo," akasema.

"Cheche, nimwandikie za kweli?"

"Umeshamwambia mama sifuri. Ananipikia uji asubuhi siku hizi, unajua? Uji wa maziwa, kama mtoto aliyefaulu." Akavaa miwani yake nyeusi, na hakukuwa na moto wowote. "Acha hivyohivyo."

Jumapili, 6 Aprili

0.

Ijumaa, 11 Aprili

Geti la shule limekwisha. Mwalimu mkuu kaja kulijaribu, akasukuma, akavuta, akasukuma. Halifunguki. Cheche kachomelea bawaba kichwa chini kwenye kipande kimoja, na kipande cha pili kageuza kabisa. Fundi aliyechomelea miaka saba.

"Kijana," mwalimu mkuu akasema, "hili siyo geti. Hili ni ukuta."

Watu wakacheka. Mimi pia, nikajiuma ulimi. Cheche aliliangalia lile geti kama vile kalikuta pale, limeletwa na mtu mwingine. Akasema atalirekebisha kesho. Hajakasirika. Ningependa angekasirika.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali. Kalamu nimeazima kwa mlinzi. Kama nisipoandika nitaanza kuongea peke yangu, na mtu akiongea peke yake hapa wanampa kitanda.

Jana Cheche alisema anabaki karakana kurekebisha bawaba. Mvua kubwa. Mimi nikanywa viwili, nikarudi mapema, nikalala. Namba nzuri kabisa. Mtu mwenye namba nzuri.

Leo saa moja asubuhi nikampelekea chai. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikaita. Nikapiga kwa ufunguo wa bomba. Nikachungulia tundu la waya nikaona kiatu, na mguu ndani ya kiatu. Nikabomoa bati la pembeni, tunajua wote wawili limeshikwa na misumari miwili.

Alikuwa amelala chali nyuma ya mashine. Vichupa vya kali vinne sakafuni, kimoja kimesimama wima vizuri, utadhani kimewekwa kwa ajili ya mgeni. Amejitapikia, mdomo umejaa, midomo rangi ya risasi. Nikamtikisa. Nikamzaba kofi. Mwili wa baridi kama chuma cha asubuhi. Alitoa pumzi moja yenye sauti ya maji, halafu kimya. Nikahesabu. Nilifika kumi na moja kabla ya pumzi nyingine.

Nikachukua ndoo. Niandike ukweli hapa, maana ndiyo mahali pekee ninapouandika: nilichukua ndoo ya maji ya mvua nimmwagie, nimeshaiinua. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe, ile ya risala. Usimpe kahawa. Usimmwagie maji. Lakini kilichotangulia sikukikumbuka. Nilikuwa nakumbuka tulivyocheka tu.

Nikaweka ndoo chini, nikatoa simu, vidole vinateleza. Nikapekua. Matangazo, matangazo, mteja anayeuliza simu yake, matangazo. Tarehe ishirini Machi. Mlaze ubavu, mkono wake chini ya shavu.

Nikamgeuza. Ni mzito Cheche, mikono yake ni ya kubeba chuma. Nikaingiza vidole mdomoni, vikatoka vitu sitaki kuvitaja, vingi. Akakohoa. Hakufungua macho, lakini alikohoa, na pumzi ya pili ikaja nilipohesabu sita.

Nikapiga kelele za kumwita shangazi. Alivuka barabara na futi ya kupimia shingoni, miguu mitupu kwenye matope. Akaingia kwenye tundu la bati akiwa ameinama. Akaona vichupa. Akamwona mwanawe. Akaniangalia mimi.

"Sifuri," akasema.

Basi. Akapiga magoti akaweka kichwa cha mwanawe mapajani, upande ule niliomlaza.

Tukampakia kwenye mkokoteni wa vyuma, ubavu, shangazi kamfunika na nguo za shule alizokuwa hajamaliza. Tulipofika mtaroni, mbao za kuvukia hakuna. Maji yamezichukua usiku. Mtaro ule wangu, umejaa mpaka mdomoni, unakwenda mbio. Kuzunguka ni mbali, na pumzi zake zilikuwa zinarudi nyuma, nane, tisa.

"Geti," shangazi akasema.

Nikarudi mbio. Watu wawili waliokuwa wamejikinga mvua kibandani wakanisaidia, mmoja ni yule fundi wa baiskeli. Tukaliburuta lile geti lisilofunguka, tukalilaza juu ya mtaro. Likakaa. Nilivuta mkokoteni juu yake nikisikia maji chini ya bati, na nikawaza kitu cha kipuuzi, kwamba angelichomelea vizuri jana lingekuwa shuleni leo.

Zahanati nesi ndiye alikuwa zamu. Akamwangalia mara moja tu, mikono yake ikaanza kazi kabla hajasema. Dripu. Sukari yake imeshuka mno. Gari la wagonjwa likaitwa. Aliuliza nani alimlaza ubavu.

"Mimi. Mlinitumia."

"Angebaki chali nusu saa nyingine, tusingeita gari." Akaandika jina kwenye karatasi. Jina la kwenye cheti. Akasita, akaliangalia tena. "Si ndiye wa sifuri huyu?"

Shangazi alikuwa pale. Mvua inapiga bati. Ilikuwa nafasi yangu, nami nikasema, "Nitakueleza, sista." Nitakueleza. Kama mtu anayedaiwa kava.

Saa nne simu zote mbili zikalia mfukoni kwa pamoja. "Mwisho wa wiki ulikunywa vinywaji vingapi?" Yangu nimejibu 2. Ile nyingine nimeizima.

Jumatatu, 14 Aprili

Anapumua mwenyewe. Daktari kasema atamlaza siku kadhaa, maana mwili uliozoea hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kuleta kifafa. Shangazi habanduki kando ya kitanda chake.

Nilikwenda zahanati saa mbili. Nikamweleza nesi nikiwa nimesimama. Laini iko kwangu. Namba ni zangu. Hakuna hata moja aliyoiandika yeye.

Nilitaka anifokee. Ningejua la kufanya, mimi nimefokewa na wataalamu. Akavuta kiti.

"Namba kubwa yako ilikuja mara moja," akasema. "Nilipiga?"

"Ulipiga."

"Zake ungeniandikia, ningepiga mara ngapi?"

Nikahesabu. "Tano, sista."

"Nina vijana themanini na simu moja, Chaja. Siwezi kumpigia kila mtu. Nampigia anayeniita, na ile namba ndiyo kuniita kwenyewe. Wewe ulikuwa unamziba mdomo kila Jumapili."

Nje kundi jipya lilikuwa limekaa kwenye mabenchi, vijana kama kumi na tano, wanamsubiri mtu wa sifuri.

"Nenda kawaambie," akasema.

"Niwaambie nini?"

"Ulichoniambia."

Nikaenda. Nilianza na mzaha wa mtaro, wakacheka. Halafu nikasimulia jana. Sijawahi kuongea mbele ya watu walionyamaza vile, na sikupenda hata kidogo. Mmoja wa nyuma, aliyekuwa na simu mbili mkononi, akaiweka moja kwenye benchi taratibu kama vile ina moto.

Jumatano, 16 Aprili

Cheche anaongea. Sauti kama ya mzee. Shangazi alikwenda kunawa uso, nikapata dakika zangu.

"Nimekuletea laini yako," nikasema. "Na simu. Kioo nimebadilisha."

Akaigeuza mkononi. "Mama anasema ulibomoa bati langu."

"Misumari miwili."

Alitaka kucheka, mbavu zikamkataza. Nikamwambia yote. Namwona bado anavyoniangalia.

"Ungeandika kumi na mbili, angepiga?"

"Angepiga."

"Mimi?"

"Wewe. Angekuuliza raha iliishia ya ngapi."

Akaangalia matone ya dripu. "Hakuna hata moja," akasema. Halafu, "Ni mimi niliyekuambia jibu wewe."

"Uliniambia jibu. Hukuniambia danganya."

"Nilikuambia acha hivyohivyo."

"Hiyo ilikuwa wiki ya tano."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani kanifukuza. Nikainuka. Akasema bila kugeuka, "Kaa, bwana. Unanizibia hewa ukisimama."

Jumapili, 20 Aprili

Yuko nyumbani. Laini yake anakaa nayo mwenyewe, mfukoni. Shangazi ananipa chakula, ananipa chai, maneno hanipi. Nikimwamkia anaitikia kwa mashine.

Simu ya Cheche ikalia. Akaandika, akanionyesha bila kuombwa. 0.

Nikasema safi sana. Lakini moyoni nikajikuta nachungulia macho yake, nanusa shati lake kwenye kamba. Nimeiharibu ile namba. Hata akiandika ya kweli, naiona ina mwandiko wangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Amekata bawaba zote za geti, anaanza upya. Mikono imetulia kidogo. Mwalimu mkuu kakubali kungoja, maana kasikia kilichovuka juu yake. Mimi 1.

Jumapili, 27 Aprili

Yeye 0. Shangazi aliniuliza barazani, mashine inazunguka, "Ya kweli?"

Nikasema, "Sijui, shangazi."

Ndilo jibu langu la kwanza aliloliamini tangu siku ile. Nimejua kwa sababu aliniongezea sukari.

Jumamosi, 3 Mei

Geti limepelekwa shuleni. Linafunguka kwa kidole kimoja. Mwalimu mkuu alilifungua na kulifunga mara sita mbele ya watoto. Saa nane mchana Cheche akasema anakwenda kununua fimbo za kuchomelea. Saa kumi hajarudi. Saa kumi na mbili hajarudi. Duka la fimbo linafungwa saa tisa Jumamosi, najua mimi, anajua shangazi. Amekaa barazani, hashoni. Nimekaa naye.

Amerudi saa moja jioni. Amepita barazani, mbele ya mama yake, hakuzungukia nyuma. Kapita akishika ukuta. Shangazi hakuinua kichwa. Hana haja.

Nimemlaza ubavu. Nimekaa hapa mlangoni, nahesabu pumzi. Tatu, tatu, nne. Nzuri.

Jumapili, 4 Mei

Leo wiki ya tisa, ujumbe wa mwisho. Hakuna mvua. Jua limetoka asubuhi na mtaro uko chini, unaonekana mdogo, mpaka unajiuliza mtu mzima anaangukaje humo.

Saa nne simu zikalia. Mimi 1, nikatuma. Cheche alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na uso umevimba. Shangazi kasimama mlangoni na kikombe.

Cheche akaishika simu. Dakika moja. Mbili. Akaniangalia, na nilijua anataka nini, maana tumelala chumba kimoja miaka kumi na minne. Alitaka ninyooshe mkono. Angenipa. Ningeandika kitu kizuri na tungekunywa chai.

Mikono yangu nikaikalia.

Akabonyeza mara moja, akanigeuzia. 7. Akabonyeza kutuma kabla sijasema kitu.

Hapo ndipo nilipoziamini zile sifuri mbili.

Chai haijapoa, simu ikaita. Jumapili, na leo nesi hayuko zamu. Cheche akaiangalia inavyotetemeka kwenye kiganja, na kwa mara ya kwanza kiganja kilikuwa kimetulia kuliko simu.

"Haloo," akasema. "Ndiyo, sista. Ni mimi mwenyewe."

Shangazi akanishika mkono, akanitoa nje, akafunga mlango nyuma yetu.